Mlango wa Nyuma

Mzinga wa gogo una milango miwili. Wa mbele ni tundu dogo la nyuki kuingia na kutoka. Wa nyuma ni kifuniko cha mbao cha mviringo, ambacho mwanadamu hukiondoa usiku, mara moja au mbili kwa mwaka mvua zikiwa njema. Mwaka wa kiangazi kikali hakiguswi kabisa. Nimemtazama mrina asali mmoja wa Mbeere kwa miaka kadhaa sasa, na kila nikirudi nyumbani naona ufundi wake wote umekaa kwenye kifuniko hicho: akifungue lini, apeleke mkono hadi wapi, na akomee wapi.

Mimi ni mkaazi wa Majengo, Embu. Majengo ziko nyingi Kenya. Meru iko, Nyeri iko, Nairobi na Mombasa pia, na historia zao zinafanana: watu walikuja kutoka mbali mji ukiwa bado mchanga, wakajenga, wakaoa, wakazika, wakawa wenyeji. Katika nyumba za mtaa kama wetu asali haikosekani. Ni ya kikohozi cha watoto, ni ya kuchanganya na habasoda, na mwezi wa Ramadhani ni ya kufuturia. Inapanda kwa matatu kutoka upande wa Siakago, Kiritiri na Ishiara, ndani ya madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, na ukifungua kifuniko unapokewa na harufu ya moshi kabla ya utamu.

Mzee tunayenunua kwake tumezoea kumwita Mzee wa Asali. Wateja wengine hawamwamini. Mmoja atadondosha tone kwenye mchanga aone kama litajikunja, mwingine atachovya njiti ya kiberiti kisha aiwashe. Mzee huwaacha wamalize. Siku moja aliniambia, pole pole, akifuta mdomo wa dumu kwa kitambaa, “Mwanangu, kama hunijui mimi wala hujui mti, kiberiti kitakwambia nini?” Neno hilo la mti ndilo lililonifanya niombe nifuatane naye kwao Mbeere.

Embu imekaa ubavuni mwa Mlima Kenya kama mtu aliyeketi katikati ya ngazi. Juu yake kuna msitu, kisha majani ya chai, kisha kahawa na makadamia. Chini yake ardhi inateremka kwenye mahindi na maharagwe, halafu mtama na kunde, halafu migunga na vichaka vya miiba hadi mto Tana na mabwawa yake ya Masinga, Kamburu na Kiambere. Mtu wa matatu hushuka ngazi hiyo bila kuitazama. Mrina asali huihesabu kwa maua. Kahawa huchanua ghafla, siku chache tu baada ya mvua, shamba zima likawa jeupe. Mgunga una wakati wake. Mti wa mukinduri una wake, na ukichanua unausikia kabla hujauona, kwa jinsi unavyovuma nyuki. Kwa hiyo asali mbili zilizotoka mikononi mwa mtu mmoja, moja nyeupe kama samli na nyingine ya rangi ya chai ya rangi, zaweza zote kuwa halali. Tofauti yake ni mlo wa nyuki.

Kazi inaanza na gogo. Mzee hupenda mukau, mti wa nyanda kavu za Mbeere, Tharaka na Ukambani ambao wataalamu huuita Melia volkensii. Mbao yake ni nyepesi, inachongeka, na mchwa hawaipendi. Gogo la urefu wa mita moja na kidogo hulazwa chini kivulini, likatolewa maganda, kisha likatobolewa kwa patasi ndefu kutoka ncha zote mbili mpaka mikono ikutane katikati. Nimemwona akisimama kila baada ya dakika chache na kugonga ubavu wa gogo kwa kifundo cha kidole. Anasikiliza unene. Ukuta ukiwa mwembamba, jua la Januari litayeyusha nta. Ukiwa mnene mno, mzinga utakuwa mzito kupandisha mtini na nafasi ya ndani itakuwa ndogo. Hana kipimo mkononi, na sijawahi kuona gogo lake likipasuka.

Mukau wenyewe una hadithi yake. Kokwa yake ni ngumu kama jiwe, na mbegu iliyo ndani hailazimiki kuota kwa sababu tu umeizika. Mbuzi hula tunda kwa ajili ya nyama yake, na wenyeji wamezoea kuokota kokwa katika mazizi, kwa kuwa zilizopita kwa mbuzi huota kwa urahisi zaidi. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa misitu, walipotaka kuuotesha kwa wingi ilibidi wajifunze kuipasua kokwa bila kuijeruhi mbegu, kisha wachane ngozi yake kidogo na kuiloweka. Kwa maneno mengine, mtaalamu alikaa akajifunza kazi ya mbuzi. Fikiria basi mzinga uliotundikwa Mbeere. Kabla nyuki hajaingia, tayari kuna mti, kuna mnyama aliyeupanda bila kukusudia, na kuna mchwa aliyeukataa.

Baada ya gogo, mahali. Hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba Mzee anafanya kazi ya majirani zaidi ya kazi ya mbao. Mzinga haupelekwi popote penye tawi. Lazima maji yawe karibu, maana siku ya joto nyuki huchota maji kupoza nyumba. Tundu la mbele lisielekee upepo. Shina lisiwe linalopandika kwa urahisi, kwa sababu ya nyegere, mnyama ambaye ngozi yake nene haijali mwiba na ambaye kwa asali atafanya lolote. Kwa hiyo mizinga mingi huning’inizwa mbali na shina. Halafu kuna siafu. Jeshi la siafu likiupata mzinga usiku, asubuhi unakuta masega matupu. Dhidi yao Mzee huzungusha jivu chini ya mti, na waya wa kuning’inizia huupaka mafuta machafu ya gari, anayoyapata hapa hapa Majengo kwa mafundi wa gereji.

Kisha anangoja. Hilo ndilo jambo lililonisumbua zaidi mwanzoni. Mfugaji wa kuku hununua kuku. Mzee hajawahi kununua nyuki. Anausugua mzinga kwa nta ndani, anaufukiza kwa majani yenye harufu nzuri, anautundika na kushuka. Mvua zikinyesha na maua yakajaa, makundi hukua, hugawanyika, na bumba la nyuki hutoka kutafuta makao. Nyuki wa nyanda zetu huhama kwa wepesi. Njaa ikizidi au wakibughudhiwa sana, huacha kila kitu na kwenda. Mfugaji wa Ulaya hushangaa kwa tabia hiyo na huiita hasara. Mzee huiona kama msimu mwingine wowote. Mizinga yake si yote yenye nyuki, na iliyo mitupu haiteremshi.

Wakati wa kungoja ndipo nilipokutana na mlembe. Ni ndege wa rangi ya kijivu na kahawia, si wa kutazamwa mara mbili, ila kwa tabia yake. Alitujia tukiwa njiani, akakaa juu ya mgunga akipiga kelele za kuharakisha, kama mtu anayetikisa sanduku la kiberiti. Mzee alisimama, akajibu kwa mluzi, na tukaanza kumfuata mti kwa mti. Waswahili wanasema fuata nyuki ule asali, lakini nyuki humwezi, anakupotea baada ya hatua kumi. Wanaojua humfuata ndege.

Mkenya mmoja, Hussein Adan Isack wa Makumbusho ya Taifa, alifanya jambo ambalo wazee hawakuwa na haja ya kulifanya: alipima. Pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, aliwafuata warina asali wa Kiborana kaskazini mwa Kenya, na mwaka 1989 matokeo yao yakachapishwa katika jarida la Science. Bila ndege, kupata mzinga wa porini kulichukua kwa wastani karibu saa 9. Kwa kuongozwa na mlembe, zaidi kidogo ya saa 3. Na ndege anapata nini? Asilimia 96 ya mizinga waliyoichunguza isingefikika kwa mlembe mpaka binadamu aje na shoka na moto. Mlembe anajua mahali lakini hana mikono. Binadamu ana mikono lakini hajui mahali. Ndege huyo pia ni miongoni mwa viumbe wachache wanaoweza kuyeyusha nta tumboni na kushiba, kwa hiyo kile kinachotubakia sisi kuwa takataka ndicho mshahara wake.

Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba makubaliano haya yana lahaja. Wayao wa Niassa, Msumbiji, humwita mlembe kwa mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Claire Spottiswoode na wenzake waliripoti mwaka 2016 kwamba sauti hiyo iliongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66, ikilinganishwa na sauti nyingine za kawaida. Wahadza wa Tanzania hupiga mluzi. Mwaka 2023 ilibainika kwamba ndege wa kila mahali huitikia zaidi ishara ya watu wa kwao. Mlembe wa Wahadza hamsikilizi Myao kama anavyomsikiliza Mhadza. Hakuna aliyemfuga ndege huyu. Amejifunza tu, kizazi baada ya kizazi, jirani yake ni nani na hupiga hodi vipi.

Lakini Mzee hakuniacha niondoke na picha nzuri peke yake. Tulipopumzika alinionyesha ukingo wa mchanga wenye mashimo ya keremkerem, wale ndege wenye rangi za kanga mpya ambao chakula chao ni nyuki na wadudu wengine warukao. Mlembe hajengi kiota. Jike hutaga yai lake katika shimo la ndege kama hao, na kifaranga wake huanguliwa akiwa na ndoana kali kwenye ncha ya mdomo. Kabla hajafumbua macho, huwauma vifaranga wenyeji mpaka wafe, kisha mama yao humlea yeye. Basi mlembe ni nani? Kwa mrina asali ni mwongozaji. Kwa keremkerem ni muuaji wa watoto. Kwa nyuki ni mwizi anayeleta mwizi mkubwa zaidi, ila pia humpunguzia maadui wanaomla hewani. Jibu linategemea umeuliza mlango gani. Wanaosoma ikolojia wana majina ya mahusiano yote hayo, ya kunufaishana, ya kunyonyana na ya kuwindana. Mzee hana majina hayo, lakini hawachanganyi watu. Kila jirani anamjua kwa kazi yake na kwa saa yake.

Hata ndani ya mzinga kuna majirani. Kuna nondo wa nta, ambaye mabuu yake hutoboa masega ya kundi dhaifu. Kuna mbawakawa mdogo mweusi wa mzinga, ambaye kwetu ni kero tu: nyuki wa Afrika humfukuza, na wamejulikana hata kumfungia kwenye vijumba vya gundi yao wenyewe na kumweka chini ya ulinzi. Mdudu huyo huyo alipofika Marekani miaka ya 1990 alikuta nyuki wasiomjua, akaharibu makundi mengi. Kuna pia utitiri wa varoa, ulioangamiza nyuki Ulaya na Marekani. Kenya uligunduliwa mwaka 2009, na watu wakajiandaa kwa msiba. Elliud Muli na wenzake walipopima makundi katika maeneo 24 ya nchi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, waliukuta karibu kila mahali isipokuwa kaskazini kabisa. Hata hivyo hawakuona kwamba ulikuwa umepunguza ukubwa wa makundi. Nyuki wetu wakali, wahamaji, wasiotabirika, ambao wengi wametamani wawe wapole, waliustahimili bila dawa. Huenda tabia zile zile tunazozilalamikia ndizo sehemu ya ngao yao.

Sasa tufike usiku wa kurina. Mzee huchagua usiku usio na mwezi mkubwa. Hali ndizi siku hiyo, na alipoulizwa sababu alisema ndivyo alivyoonywa na baba yake. Mimi nilikuja kusoma baadaye kwamba harufu ambayo nyuki hutoa kuitana vitani inafanana na ya ndizi mbivu. Huwasha mwenge wa magome makavu yenye moshi mwingi na moto kidogo, maana moto ni adui wa nta na wa mti. Moshi hufunika ile harufu ya vita na huwafanya nyuki wajaze matumbo asali kana kwamba wanajiandaa kuhama, na nyuki aliyeshiba si mwepesi wa kuuma.

Huukaribia mzinga kwa nyuma. Nyuki huwalea watoto wao, yaani majana, karibu na mlango wa mbele, na asali huihifadhi ndani kabisa. Kwa hiyo aliyechonga mzinga wa milango miwili alikuwa amekwisha kuwasoma nyuki, akaweka mlango wake ghalani na kuwaachia chumba cha watoto. Mzee huondoa kifuniko, hupuliza moshi mara tatu nne, nyuki wakasogea mbele na malkia wao. Halafu mkono unaingia. Hakuna taa. Vidole vinahisi sega: lililofunikwa nta ni asali iliyoiva, lisilofunikwa bado lina maji na litachachuka dumuni, kwa hiyo huliacha. Analikata moja kwa kisu, analitia kwenye ndoo. La pili. La tatu. Mkono unazidi kwenda ndani, mpaka ncha ya kidole inakutana na joto.

Joto hilo ni majana. Nyuki huwatunza watoto wao katika joto karibu sawa na la mwili wa mtu, na kidole kilichozoea hulijua kabla ya kuligusa sega lenyewe. Hapo Mzee anasimama. Nyuma ya joto hilo huwa bado kuna asali, sega moja au mawili, ambayo kundi linaihitaji mpaka maua yajayo. Warina wa haraka hawasimami hapo. Huzoa vyote, asali, chavua na majana pamoja, na kesho yake mzinga unakuwa mtupu. Mzee hufunga kifuniko, hukisiriba kwa udongo mbichi, na kipande kimoja cha nta hukibandika juu ya tawi. Nilimuuliza cha nani. “Cha yule aliyetuita,” akasema, kana kwamba nimeuliza swali la kitoto.

Wakati wote huo, pengine robo saa, hakusema neno wala hakuharakisha mkono. Nimewaona maseremala wakiweka bawaba na mafundi saa wakifungua saa, na ninasema bila kupunguza heshima yao kwamba sijaona kazi yenye utulivu kama ule. Fundi saa ana kitu kimoja mbele yake na kimekaa kimya. Mrina asali yuko juu ya mti, gizani, kati ya viumbe elfu kadhaa wenye silaha, na anapatana nao kwa moshi, kwa muda na kwa kujizuia.

Mtu akisema ufundi huu ni wa kale nitakubali, lakini akisema haubadiliki nitamkatalia. Mbeere yenyewe imebadilika. Miaka ya 1970 ardhi ya koo ilianza kupimwa na kupewa hati za watu binafsi. Bernard Riley na David Brokensha, waliofanya utafiti huko na kutoa vitabu viwili mwaka 1988, waliandika juu ya mabadiliko hayo na juu ya mimea ya Mbeere na matumizi yake. Walihifadhi kwenye karatasi elimu ambayo Mzee anaibeba kichwani. Palipokuwa na kichaka cha ukoo sasa pana ua, na ndani ya ua mara nyingi pana muguka, aina ya miraa. Kichaka cha muguka kinachochumwa machipukizi yake tena na tena hakipati nafasi ya kuchanua. Kwa mkulima ni ada ya shule. Kwa nyuki ni ukuta wa kijani usio na mlango. Juu zaidi, kwenye mashamba ya Embu na Meru, umeingia mukima, mti wa Australia unaoitwa grevilea, umepandwa mipakani na kukatwa matawi kwa mbao na kuni. Huu nao ni mgeni, lakini maua yake ya rangi ya dhahabu yana mbochi tele. Mzee amehamishia baadhi ya mizinga huko na hana kinyongo. Mgeni mmoja amefunga mlango, mwingine ameufungua.

Anayedhani mabadiliko madogo hubaki madogo na atazame upande wa pili wa mlima, Laikipia. Kule kuna migunga yenye miiba iliyovimba vinundu, ambayo upepo ukipita hupiga mluzi. Ndani ya vinundu huishi sisimizi, na tembo akipeleka mkonga, sisimizi huingia puani mpaka aache. Mti hutoa nyumba na chakula, wapangaji hutoa ulinzi. Katika hifadhi ya Ol Pejeta walikuja chungu wageni wenye vichwa vikubwa, wakawaua walinzi wale, nao wageni hawana habari ya kulinda mti. Tembo wakaivunja miti, mbuga ikawa wazi, na simba wakakosa maficho ya kuwavizia punda milia. Douglas Kamaru na wenzake waliandika katika jarida la Science mwaka 2024 kwamba kati ya 2003 na 2020 sehemu ya punda milia katika mawindo ya simba ilishuka kutoka asilimia 67 hadi 42, na ya nyati ikapanda kutoka sifuri hadi 42. Simba hakuumwa na chungu hata mmoja, lakini chakula chake kimebadilishwa na chungu. Nilipomsimulia Mzee, alinyamaza, kisha akasema ndiyo maana yeye humwogopa siafu kuliko nyegere.

Uhusiano kama huo wa viumbe unaweza pia kutumiwa kwa akili. Kule Ngare Mara, karibu na Isiolo, Lucy King na wenzake walizungushia mashamba mizinga iliyounganishwa kwa waya, ili tembo akigusa waya nyuki watoke. Katika jaribio walilolichapisha mwaka 2011, kati ya mara 32 ambazo tembo walifaulu kuingia mashambani, ni mara moja tu tembo alipopenya uzio wa mizinga. Zilizobaki walipita kwingine, hasa penye ua wa miiba. Mkulima akapata uzio na asali. Wazo hilo lilitoka kwa watu waliotazama kwa muda mrefu nani anamwogopa nani, na huko kutazama ndiko Mzee anakokufanya kila siku bila daftari.

Leo kuna mizinga ya kisasa. Ule wa vijiti vya juu ulienezwa Kenya miaka ya 1970, na wa fremu ulikuwepo Marekani tangu karne ya 19. Yote miwili humwezesha mtu kuona sega moja moja na kuchagua bila kubahatisha, na Mzee mwenyewe amepewa miwili na kikundi cha wafugaji. Anaisifu. Anasema inasaidia vijana wasiojua kuhisi joto kwa kidole. Lakini sanduku haliji na elimu ya mahali pa kuliweka, wala halimwambii mtu mukinduri unachanua lini mwaka huu mvua zikichelewa, wala halimzuii anayetaka kuzoa vyote. Nimeona masanduku mazuri yenye rangi, mapya, matupu kwa miaka, yakiwa yametundikwa kando ya muguka.

Kwa hiyo ukipita Majengo, iwe yetu ya Embu au ile ya Meru, na ukakuta dumu la asali kizingitini, kiache kiberiti mfukoni. Msalimu anayeuza, kisha muulize maua gani, mwezi gani, na aliwaachia nyuki masega mangapi. Anayeijua kazi atakujibu kwa jina la mti kabla hajataja bei. Akibabaika, endelea na safari yako. Sukari inauzwa dukani.